West Nile ni Virusi au ni Kwetu? Historia ya Jina na Funzo la Tovuti Moja ya Koboko

Utangulizi

Mtu akiandika maneno mawili, West Nile, kwenye injini ya kutafutia ya intaneti, kwa kawaida kitu cha kwanza anacholetewa ni mbu. Ataelezwa dalili za homa, namna virusi vinavyotoka kwa ndege kwenda kwa mbu na kutoka kwa mbu kwenda kwa binadamu, na idadi ya wagonjwa huko Marekani. Sisi tuliozaliwa Koboko tunayajua maneno hayo kwa maana nyingine. West Nile ni Arua, Koboko, Yumbe, Moyo, Adjumani, Nebbi na Zombo. Ni soko la mpakani, ni muhogo na tumbaku, ni Kikakwa, Kilugbara, Kialur, Kimadi na Kinubi katika barabara moja.

Insha hii inajadili jinsi jina la nchi yetu lilivyogeuka kuwa jina la ugonjwa kwenye intaneti, na kama mwenye tovuti ndogo kijijini anaweza kufanya lolote juu ya hilo. Kazi ya kuifanya tovuti ipatikane kwa urahisi kwenye injini za kutafutia hufundishwa kama ufundi mtupu: weka kichwa hapa, bonyeza pale. Hoja yangu ni kwamba ufundi huo hauelekeweki bila historia. Injini ya kutafutia haibuni umaarufu, huuhesabu. Na umaarufu wa mahali kama kwetu ulianza kupangwa na watu wengine miaka mingi kabla ya kompyuta kufika Arua.

Jina lilikotoka

Kwanza tuulize: West Nile ni magharibi ya nani? Mkakwa wa Abuku hakai magharibi ya kitu chochote. Anakaa kwake. Magharibi ni mwelekeo wa mtu aliyesimama upande wa pili wa mto akitazama ng'ambo, na huyo alikuwa afisa wa kikoloni.

Kabla ya hapo eneo hili lilikuwa na jina lingine la wageni. Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ukanda wa ng'ambo ya Nile, nao ukajulikana kama Lado. Leopold alifariki Desemba 1909, na mwaka 1910 ukanda huo ukarudishwa chini ya Sudan. Katika kipindi hicho Lado ilivuma duniani kwa jambo moja tu, wanyama wa kuwindwa. Wawindaji wa pembe za ndovu waliingia kwa wingi kwa sababu utawala ulikuwa dhaifu. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikuja mwanzoni mwa 1910 kuwinda vifaru weupe. Msomaji wa New York au London wa wakati ule aliposikia jina la Lado aliona pembe. Watu hawakuonekana.

Mwaka 1914 sehemu ya kusini ya ukanda huo ilihamishiwa Uganda, ikawa wilaya ya West Nile, makao yake makuu Arua. Tangu hapo eneo likajulikana kama ghala la nguvu kazi. Vijana waliandikishwa katika jeshi la King's African Rifles, wengine wakasafiri kwenda kukata miwa kwenye mashamba ya Lugazi na Kakira. Jeshini ndiko wengi walikojifunza Kiswahili, na ndiyo sababu moja ya lugha hii kuwa na mizizi kwetu kuliko katika sehemu nyingi za kusini mwa Uganda.

Baadaye jina la Koboko likafungwa kwenye jina la Idi Amin, aliyetawala tangu 1971 hadi 1979, ambaye ukoo wake wa Kikakwa unahusishwa na huku. Alipoanguka, raia wengi wasiokuwa na kosa lolote walilipia jina hilo. Maelfu walikimbilia Zaire na Sudan, na waliorudi walirudi miaka kadhaa baadaye. Jina linaweza kumponza mtu. Kwa hiyo suala la nani anaeleza habari za mahali fulani, na kwa neno gani, si la mapambo.

Kutoka 1937 hadi 1999

Mwaka 1937 watafiti kutoka Entebbe walikuwa wakizunguka wilaya ya West Nile wakichunguza homa ya manjano. Taasisi yao ilikuwa imeanzishwa mwaka mmoja kabla kwa msaada wa Rockefeller Foundation, na leo ndiyo Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Walichukua damu ya mwanamke mmoja mtu mzima aliyekuwa na homa. Ndani yake hawakukuta homa ya manjano. Walikuta virusi ambavyo sayansi haikuwa imevitambua. Walipochapisha matokeo mwaka 1940 walivipa virusi hivyo jina la wilaya. Yule mwanamke ametajwa kama mgonjwa tu.

Desturi hiyo ilikuwa ya kawaida. Miaka kumi baadaye, mwaka 1947, virusi vingine vilipata jina la msitu ulio karibu na Entebbe, yaani Zika. Kwa muda mrefu majina haya yalibaki kwenye majarida ya kisayansi, na hayakumdhuru mtu yeyote wa Koboko aliyekuwa akilima shamba lake.

Mambo yalibadilika mwaka 1999. Majira ya joto ya mwaka huo kunguru walianza kufa New York, kisha watu wakaanza kuugua. Wagonjwa 62 walithibitishwa na 7 kati yao wakafariki. Mwanzoni madaktari walidhani ni ugonjwa mwingine, kisha ikabainika kuwa ni virusi vya West Nile, ambavyo havikuwahi kuonekana katika bara la Amerika. Kufikia mwaka 2002 Marekani ilirekodi wagonjwa zaidi ya 4,000. Kila gazeti, kila idara ya afya na kila chuo kikuu kikaandika juu ya West Nile, na wakati huo vyombo hivyo vilikuwa vimeanza kuandika kwenye intaneti.

Tarehe hizi ndizo kiini cha hoja yangu. Kampuni ya Google ilianzishwa Septemba 1998. Mwaka mmoja baadaye virusi vikafika New York. Injini iliyokuwa inajifunza maana ya maneno ya dunia ilikuta tayari maelfu ya kurasa zinazosema kwamba West Nile ni ugonjwa. Upande wetu ulikuwa na nini? Mwaka 1999 Koboko haikuwa hata wilaya. Ilikuwa sehemu ya Arua. Umeme wa gridi ya taifa haukuwa umefika Arua. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Jinsi injini zilivyojifunza kuhesabu

Ili kuelewa kwa nini kuwahi kulikuwa na uzito mkubwa hivyo, tuangalie kwa ufupi historia ya injini zenyewe. Ya kwanza, Archie, ilitengenezwa mwaka 1990 na Alan Emtage, kijana kutoka Barbados aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal. Ilitafuta majina ya mafaili tu. Mwaka 1994 ilikuja WebCrawler, iliyosoma maneno yote ndani ya ukurasa, na mwaka huohuo Yahoo! ikaanza kama orodha iliyopangwa na binadamu. AltaVista ikafuata mwaka 1995.

Injini hizo zilihesabu zaidi maneno. Ukiandika neno mara nyingi, ulionekana wa maana. Wajanja wakagundua hivyo haraka, wakajaza neno moja mara mia mbili chini ya ukurasa kwa maandishi meupe kwenye karatasi nyeupe. Larry Page na Sergey Brin wa Stanford walikuja na njia nyingine: wasitazame tu ukurasa unajisemea nini, bali nani anaurejelea. Kila kiungo kutoka tovuti nyingine kilihesabiwa kama kura, na kura ya tovuti inayorejelewa na wengi ilikuwa na uzito zaidi.

Njia hiyo inafanana na namna wanazuoni wanavyotajana kwenye makala zao, na ilipunguza ulaghai. Lakini ina tabia ya baraza la wazee: anayejulikana husikilizwa, na kwa kusikilizwa huzidi kujulikana. Ukurasa wa idara ya afya ya Marekani kuhusu virusi ulirejelewa na magazeti elfu. Ukurasa kuhusu watu wa West Nile, hata ungekuwapo, ungerejelewa na nani?

Hapa ni haki kusikiliza upande wa pili. Mama wa Texas ambaye mtoto wake ana homa baada ya kuumwa na mbu anahitaji habari za ugonjwa, na anazihitaji upesi. Injini inayomletea historia ya Arua badala ya dalili ingekuwa imemkosea. Kwa hiyo sisemi kwamba virusi viondolewe juu ili sisi tukae. Ninachosema ni kwamba hesabu sahihi inaweza kumwacha mtu nje bila mtu yeyote kukusudia. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikiri tatizo la majina mwezi Mei 2015 lilipotoa mwongozo wa kutoyapa magonjwa mapya majina ya mahali. Mwongozo huo ulitazama mbele. Majina ya zamani yalibaki yalivyo.

Tovuti ya Abuku

Sasa nije kwenye tovuti. Vijana kadhaa wa tarafa ndogo ya Abuku, wilayani Koboko, tuliamua kuandika historia ya kwetu tukisaidiwa na wazee: koo, majina ya vijito, safari ya kwenda uhamishoni na kurudi. Mimi nilipewa kazi ya kuandika Kiswahili. Tulimlipa fundi mmoja atutengenezee tovuti kwa WordPress, mfumo wa kusimamia maudhui ulioanza mwaka 2003 na ambao leo unaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za dunia. Fundi alimaliza, akatupa nywila, akaondoka.

Kwa miezi mitano hakuna mtu aliyetupata kwa kutafuta. Waliofika ni wale tu tuliowatumia anwani kwa simu. Mzee mmoja aliyetusimulia habari za mwaka 1980 aliniuliza kama maneno yake "yamefika", nami sikuwa na jibu. Alikuwa ametoa kumbukumbu iliyomuuma, kwa sharti kwamba isomwe.

Kosa tulilikuta mahali padogo. Kwenye mipangilio ya WordPress kuna kisanduku kinachoziomba injini za kutafutia zisiiweke tovuti kwenye faharasa yake. Mafundi hukitia alama wakati tovuti inajengwa ili kazi isiyokamilika isionekane, kisha wanapaswa kuiondoa. Yetu haikuondolewa. Kisanduku hicho nacho kina historia. Mwaka 1994, wakati programu zinazotambaa kwenye tovuti zilipoanza kuwa kero, Martijn Koster alipendekeza faili dogo liitwalo robots.txt, ambamo mwenye tovuti hueleza wapi programu hizo zisiingie. Hakuna kufuli, ni adabu tu, kama mgeni anayepiga hodi na kuondoka asipokaribishwa. Alama ya kwenye kisanduku chetu ilitokana na desturi hiyohiyo. Injini zilibisha hodi kwetu kwa miezi mitano, na kila mara tuliziambia hatupo.

Tulipoondoa alama hiyo tukaanza kupanga mengine. Nayataja machache, maana wenzangu wengi vyuoni wanaendesha tovuti za vyama na parokia na watayakuta.

La kwanza ni vichwa. Ukurasa wetu wa mbele uliitwa "Karibu". Injini haiwezi kujua karibu wapi. Tukaandika "Historia na Koo za Abuku, Wilaya ya Koboko, Uganda". Jina la wilaya na la nchi lilikuwa la lazima, kwa sababu neno abuku si letu peke yetu. Kwa Kiyoruba, likiandikwa na alama zake za toni, lina maana ya dosari au aibu. Kwa Kijapani ni povu. Mtambo unaosoma herufi tano tupu hauna namna ya kujua unasoma habari za nani.

La pili ni anwani za kurasa. Zilikuwa namba tupu. Tukazibadilisha ziwe maneno, ili hata anayeona anwani kwenye ujumbe wa simu ajue inampeleka wapi.

La tatu ni picha. Tulikuwa tumepandisha picha jinsi zilivyotoka kwenye simu, kila moja ikiwa na megabaiti kadhaa. Msomaji wa Koboko hununua bando, na tangu Julai 2021 data ya intaneti nchini Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12. Ukurasa mzito unamfukuza msomaji kabla injini haijaukataa. Tukapunguza ukubwa wa picha na kuandika chini ya kila moja maneno yanayoeleza kinachoonekana, maana injini na msomaji asiyeona wote wanategemea maneno hayo.

La nne ni viungo. Kuna watu waliotuahidi kutuuzia viungo mia kwa bei ndogo. Tulikataa, na historia inaunga mkono uamuzi huo: Aprili 2012 Google ilianza kuzishusha tovuti zilizojinunulia kura za namna hiyo. Badala yake tuliziomba shule, parokia na wenzetu wanaosoma ughaibuni waturejelee pale ambapo habari zetu zinawahusu. Ni viungo vichache, lakini ni vya watu.

Lugha na utafutaji

Mwaka 2005 una nafasi ya pekee katika habari hii. Ndio mwaka ambao Koboko ilikuwa wilaya, na ndio mwaka ambao Katiba ya Uganda ilirekebishwa Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Hata hivyo Kiswahili cha katiba hakikufika upesi kwenye skrini. Wikipedia ya Kiswahili ilikuwapo tangu 2003, na kati ya 2009 na 2010 Google iliendesha shindano la kuiandikia makala, lililowalenga wanafunzi wa Kenya na Tanzania. Uganda haikuwa katika hesabu. Waliokuwapo waliandika ya kwao, na walifanya vyema.

Kwa mwanafunzi wa lugha, tatizo la kiufundi lenye kuvutia zaidi ni viambishi. Kwa Kiingereza mabadiliko mengi ya neno hutokea mwishoni, na injini zilizozaliwa katika Kiingereza zilizoea kukata mikia. Kiswahili kinabadilika kichwani. Mkulima, wakulima, kilimo na kulima ni jamaa moja, lakini kwa mtambo usiojua sarufi ni wageni wanne. Tulijifunza kutong'ang'ania umbo moja. Tukiandika juu ya mkulima mmoja wa tumbaku, aya inayofuata inazungumzia wakulima na kilimo chao, jambo ambalo mwandishi mzuri angelifanya hata bila intaneti.

Kuna pia kibainishi. Anayetafuta habari za ng'ombe kwenye simu huandika "ngombe". Kilugbara kina konsonanti zinazoandikwa kwa kibainishi mbele yake, na alama hiyo hairuhusiwi kabisa kwenye jina la tovuti. Tuliamua tahajia sahihi ibaki ndani ya makala, na tahajia ya watafutaji itajwe mara moja pale inapofaa. Hatukukubali kuharibu jina la ukoo wa mtu ili mtambo ufurahi.

Swali gumu zaidi lilikuwa jina la eneo lenyewe. Je, tuandike "Nile Magharibi" ili tuwakwepe mbu? Tulijaribu. Lakini vijarida vya afya kwa Kiswahili navyo vinatafsiri jina la virusi hivyohivyo, na zaidi ya hayo, hakuna mtu wa Koboko anayesema anatoka Nile Magharibi. Tukabaki na West Nile kama watu wanavyoitamka, lakini kila mara pamoja na Arua au Koboko kando yake.

Hitimisho

Historia ya jina la West Nile inaonyesha mfululizo wa wageni waliokuja na kuondoka na jambo moja mkononi: pembe, askari, kibarua, damu ya mwanamke mwenye homa. Kila mmoja aliandika alichokihitaji, na intaneti ilirithi maandishi hayo kwa uaminifu. Kwa hiyo uboreshaji wa tovuti kwa injini za kutafutia, kwa mtu wa mahali kama kwetu, ni sehemu ya kazi ya mwanahistoria. Ni kuongeza ushahidi uliokosekana, kisha kuhakikisha mlango haujafungwa kwa alama ndogo kwenye kisanduku.

Tusijidanganye juu ya ukubwa wa mafanikio. Anayeandika West Nile peke yake bado analetewa mbu, na huenda itaendelea hivyo maisha yetu yote. Lakini anayeandika "historia ya Abuku Koboko" sasa anaikuta kwenye skrini. Nilikwenda na simu kwa yule mzee, nikaandika maneno hayo mbele yake, ukurasa ukatokea na masimulizi yake. Aliusoma polepole hadi mwisho. Kisha akanionyesha kijito ambacho nilikuwa nimekosea jina lake, akaniambia nirekebishe siku hiyohiyo, kabla watu hawajalizoea.